GReddy Profec kwenye Forester ya tabo: uzoefu wangu kati ya Nairobi na Mombasa

Natumia Subaru Forester ya tabo, bodi ya SG5, injini ya EJ205 ya lita 2.0 iliyotoka Japani. Nimeifungia GReddy Profec, kidhibiti cha busti (mgandamizo wa hewa ambayo tabo inaisukumia injini), na nimekaa nacho vya kutosha kuweza kukisifu na kumwonya mtu. Kwa ufupi: ni kifaa kizuri sana kwa mwenye subira. Kwa anayetaka namba kubwa kwenye geji, ni njia ya haraka ya kununua injini nyingine.

Kazi yake ni hii. Tabo inazungushwa na moshi wa injini, na ina vali pembeni, westigeti, inayopitisha kando sehemu ya moshi huo ili tabo isizunguke kupita kiasi. Ikiachiwa springi yake tu, kwenye gari langu busti inaishia karibu bar 0.5 (bar ni kipimo cha mgandamizo). Profec ina solenoidi, vali ndogo ya umeme, inayochomekwa kwenye mpira wa hewa unaoisukuma vali hiyo, inaichelewesha kufunguka, na busti inapanda hadi pale ulipotaka. Unahifadhi viwango viwili, Lo (cha chini) na Hi (cha juu), na kuhama kimoja kwenda kingine ni kubonyeza tu.

Sehemu inayostahili muda wako ni mipangilio miwili, GAIN na START BOOST. START BOOST huiweka vali imefungwa mpaka kiwango fulani, kwa hiyo tabo inaamka mapema. GAIN huisaidia busti ifike upesi na isilegee kwenye mizunguko ya juu. Ukizidisha, mshale unaruka kupita kiwango ulichoweka kisha unarudi. Mruko huo mfupi nauogopa kuliko busti ya juu iliyotulia. Hewa iliyogandamizwa ina joto. Joto na mgandamizo vikizidi, sehemu ya petroli hulipuka yenyewe badala ya kuungua kwa mpangilio, na injini inagonga. Mapigo machache mazito yanatosha kupasua kingo nyembamba za pistoni zinazoshika ringi. Kumbukeni pia magari haya yalipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa kawaida ni okteni 100 (okteni ni uwezo wa petroli kuhimili mgandamizo bila kulipuka yenyewe). Ya pampu zetu iko chini ya hapo. Busti za kwenye video za Wajapani si za kuiga.

Halafu kuna jambo la mwinuko, na hapa ndipo Profec iliponiteka moyo. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya huko ina mgandamizo wa karibu bar 0.82. Mombasa ni 1.01. Geji yangu ya mshale inahesabu kuanzia hewa ya pale ilipo. Kwa hiyo bar 0.9 Nairobi ni jumla ya 1.72 ndani ya injini, lakini 0.9 ile ile Mombasa ni 1.91, tena kwa hewa ya joto. Ndiyo maana Hi yangu ni 0.9 ya Nairobi, na Lo ni 0.7. Nikishuka pwani, nikipita mji wa Mtito Andei njiani nabonyeza Lo, na injini inapata karibu kile kile inachopata nyumbani.

Upande wa pili nao usisahaulike: huko juu Nairobi tabo inafanya kazi ngumu zaidi kufikia jumla hiyo. Inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na beringi zake zinaelea kwenye oili tu. Namwaga oili kila kilomita 5,000 bila kujadiliana na mtu, na baada ya kupanda mlima kwa nguvu naendesha taratibu kidogo kabla ya kuzima.

Kasoro yake kubwa ni kwamba watu wanaiamini kupita uwezo wake. Profec haiongezi petroli wala haicheleweshi cheche za plagi. Hiyo ni kazi ya kompyuta ya gari, na kompyuta ina mipaka; ikiona hewa imezidi, inakata petroli ghafla. Kila ninapogusa kiwango, nachomeka laptop na kusoma kama injini inagonga kwenye gia ya tatu na ya nne. Ikigonga hata kidogo, nashusha. WARNING ya Profec, yaani kiwango cha onyo, nimeiweka juu kidogo tu ya Hi; busti ikivuka hapo LIMITER inaishusha, na singeendesha bila hizo.

Ningeinunua tena leo. Ila kabla ya kununua yako, mwambie fundi apime kompresheni (mgandamizo wa ndani) ya silinda zote nne na akague mipira ya hewa yote, maana mpira uliopasuka huifanya tabo ihangaike bure. Gari likiwa linakula oili, anza na hilo.