Krepu inayochuja rangi, muuzaji asiyechuja maneno

Kama unawazia kununua seti ya kutengenezea maua ya karatasi ya kupambia kadi, ile yenye krepu (karatasi laini zenye mikunjo) za rangi rangi, waya, chupa ya gundi na kibano cha kukatia petali, nisome kwanza. Nina hasira na sijifichi.

Juzi juzi nilikuwa namalizia kadi ya harusi. Kadi nyeupe pee, waridi jekundu katikati. Waridi lenyewe lilitoka zuri, niseme ukweli. Krepu hiyo inavutika: ukikata petali mikunjo ikielekea juu, ukaivuta katikati kwa vidole gumba, inabonyea yenyewe na kukaa hivyo. Nikazungushia petali kwenye waya, za ndani zimebana, za nje nikazipinda kingo kwa kijiti. Nikapaka gundi ya humo humo kwenye boksi, nikalibandika, nikaliacha likauke.

Kurudi, kadi inavuja damu! Wekundu umetoka kwenye petali, umefuata gundi, umetambaa mpaka kwenye majina ya maharusi niliyoyaandika kwa mkono. Gundi ile ni ya maji, tena nyepesi mno, na krepu ile ikipata unyevu kidogo tu inachuja. Sasa nani alikaa akaviweka vitu hivyo viwili boksi moja? Hakuna aliyejaribu hata ua moja kabla ya kufunga mzigo?

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu, na picha juu. Jibu likaja upesi, hilo nampa: "Dada, karatasi zetu hazina shida. Shida ni mikono. Punguza gundi." Mikono! Haya, nikapunguza. Nikachovya ncha ya kijiti cha meno, nikagusa kipande kipya, nikakibandika kwenye karatasi chakavu. Doa. Nikaweka gundi kando, nikagusa kingine kwa kidole chenye maji matupu. Doa vile vile. Nikamtumia picha zote. Kasoma, kimya mpaka leo.

Tusimwonee lakini. Njano na kijani hazikunisumbua sana, na kibano kile ni kizuri ajabu, unabana mara moja petali inadondoka kingo safi. Ukiwa na gundi ya moto, au utepe wenye gundi pande mbili, hata ile nyekundu inatulia kwa sababu hakuna maji ya kuilowesha. (Mimi kwa kadi za kutuma hupenda waridi la duara: unakata karatasi ya kawaida kwa mzunguko toka ukingoni hadi katikati, unaiviringa kuanzia ncha ya nje. Ni fupi, halifurishi sana bahasha.) Kwa hiyo nilikuwa nimekusudia kutoa nyota tatu.

Halafu nikasoma tena lile neno "mikono". Boksi limeandikwa kabisa kwamba ni la wanaoanza! Mtoto anayemtengenezea mama yake kadi kwa mara ya kwanza atajuaje habari za krepu na maji? Ataharibikiwa, ataandika kuuliza, ataambiwa ana mikono mibaya, basi, hashiki mkasi tena. Tatu za nini? Moja, na hiyo ni ya kibano.

Muuzaji ukipita hapa, nirudishie pesa ya karatasi na gundi. Kibano sikirudishi.