Kompyuta ya mezani imezeeka: uiongezee nguvu au ununue nyingine?

Fundi akikuambia mashine yako imechoka, muulize kwanza ina prosesa gani, yaani chipu inayofanya kazi zote za kompyuta. Akibabaika, angalia mwenyewe: fungua Settings, ingia System, halafu About. Utakuta maandishi kama i5-4590 au i5-8500. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi. 4590 ni kizazi cha nne, cha mwaka 2014; 8500 ni cha nane, cha 2018. Zikiwa tarakimu tano, kama 10400, soma mbili za mwanzo. Namba hiyo ina uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye kasha, na kuliko hata hiyo "i7" inayowafanya watu watoe pesa bila kuuliza.

Mstari umechorwa na Microsoft. Tarehe 14 Oktoba 2025 ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10. Kwa upande wa prosesa hizi za kampuni ya Intel, Windows 11 inapokea rasmi mashine za kizazi cha nane kwenda mbele zenye TPM 2.0, ambayo ni sehemu ya usalama ndani ya mashine. Wanaojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wanaendelea kupata ulinzi wa Windows 10 hadi 13 Oktoba 2026.

Kabla ya kutoa hata shilingi, fungua kasha upulize vumbi, na umwambie fundi abadilishe ile pasta ya kupitisha joto kati ya prosesa na feni yake. Saa ikirudi nyuma kila umeme unapokatika, na tovuti zikikuambia muunganisho si salama, tatizo ni betri ndogo ya CR2032 kwenye madabodi, ule ubao mkuu wa ndani. Wapo walionunua kompyuta nyingine kwa kosa la betri hiyo. Ikibaki nzito baada ya hapo, hizi hapa njia tano, nimezipanga kuanzia iliyo bora.

Nafasi ya kwanza: SSD kwenye mashine uliyonayo

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha tazama safu ya Disk. Ikiganda kwenye 100% na wewe hufanyi chochote, basi hard disk, ile diski ya zamani, ndiyo inayokuchelewesha. Ndani yake mna sahani inayozunguka, mara nyingi mizunguko 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachohama huku na huku kutafuta faili. Kila kutafuta ni kama milisekunde 10. SSD, yaani diski ya chipu, haina kinachozunguka, na kazi hiyo inaimaliza kwa sehemu ndogo tu ya milisekunde moja. Windows ikiwaka husoma mafaili madogo maelfu, ndiyo maana hata mashine ya 2014 huamka ukiibadilishia diski.

Naiweka juu kwa sababu nyingine pia: SSD ya SATA ya inchi 2.5 haipotei. Ukinunua mashine nyingine mwakani, unaichomoa na kuhama nayo. RAM (kumbukumbu ya muda) ya aina ya DDR3, ambayo ndiyo iliyomo kwenye mashine nyingi za ofisi za kizazi cha nne, haiingii kwenye tundu la DDR4, aina iliyofuata, kwa hiyo ukiinunua nyingi leo umeizika humo humo. Ushauri wangu: kizazi cha nane kwenda juu, weka SSD na ufikishe RAM 8GB au 16GB bila wasiwasi. Kizazi cha nne hadi cha saba, weka SSD, ongeza RAM ikiwa tu uko chini ya 8GB, na utafute iliyotumika.

Kwa kazi za stesheneri, SSD ya 256GB inatosha. Diski ya zamani ibaki ndani kwa kuhifadhia mafaili, ila ipime kwanza kwa programu ya CrystalDiskInfo. Ikionyesha rangi ya njano au nyekundu, hamisha vitu vyako mapema. Na SSD ya terabaiti 2 inayouzwa kwa bei ya 256GB ni feki.

Linabaki suala la Windows kwenye hizi za kizazi cha nne hadi cha saba. Kama ni ya mtoto kujifunzia kuchapa, ni jambo dogo. Kama ni ya stesheneri, ambapo wateja wanaingiza nywila zao za mkopo wa HESLB na za Ajira Portal, mimi siwezi kukushauri ukae na Windows 10 isiyosasishwa. Weka Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, yenye LibreOffice ya kuandikia badala ya Word, baada ya kuhakikisha printa na skana yako zinaikubali, au shuka nafasi ya pili.

Core 2 Duo, prosesa za Intel za kabla ya vizazi hivi, haimo kwenye hesabu hii kabisa. Windows 11 kuanzia toleo la 24H2 haiwaki juu yake hata kwa ujanja, kwa kuwa prosesa hizo hazina amri iitwayo POPCNT. Usiitilie pesa.

Nafasi ya pili: ya ofisi iliyotumika, kizazi cha nane

Hizi ni zile zinazotolewa na kampuni za ng'ambo baada ya miaka michache na kufika Kariakoo. Majina ya kutafuta ni Dell OptiPlex 3060, 5060 na 7060, HP EliteDesk 800 G4, na Lenovo ThinkCentre M720 na M920. Zimejengwa imara na vipuri vyake vinapatikana.

Mtego mkubwa ni Windows 11 iliyolazimishwa. Muuzaji anakuwashia mashine ya kizazi cha nne, unaiona Windows 11 inacheza, anasema "inasapoti". Imewekwa kwa kuruka ukaguzi, na Microsoft haitoi ahadi ya kuipa masasisho. Rudi About usome namba, kwa maana stika ya nje hubandikwa upya kirahisi. Wala usivutwe na i7-2600, ambayo ni ya 2011. I3-8100 ya kizazi cha nane inaizidi, na Windows 11 inaipokea.

Tazama nyuma ya pawa saplai. Baadhi ya zile za zamani zina swichi nyekundu ya 115 na 230. Ikiwa kwenye 115 ukachomeka kwenye umeme wetu, italipuka. Angalia pia matundu ya skrini: nyingi za kizazi hiki zina DisplayPort, na monita yako ya VGA itahitaji adapta. Iache iwake nusu saa hapo dukani, halafu dai warantii iandikwe kwenye risiti.

Nafasi ya tatu ni ndugu zao wadogo, Micro, Mini na Tiny. Zinatumia chaja kama ya laptop, nyingi za wati 65, kwa hiyo ni nafuu kwa uniti za LUKU na zinafaa kwa sola. Kadi kubwa ya grafiki haiingii.

Ya nne ni mpya ya dukani. Inunue kama unahariri video au ofisi inadai warantii ndefu. Mpya ya bei ya chini yenye prosesa dhaifu ya Celeron na RAM 4GB itaachwa mbali na i5-8500 iliyotumika.

Ya mwisho ni kubadilisha madabodi na prosesa ndani ya kasha la zamani. Dell na HP wengi wa ofisini wana plagi zao wenyewe za pawa saplai: OptiPlex 9020 ina pini 8 na EliteDesk 800 G1 ina 6, wakati madabodi ya kawaida inataka 24. Utaanza na madabodi, ufuate pawa saplai, halafu RAM, mwisho kasha lenyewe.

Ukiiuza ya zamani, chomoa diski ubaki nayo. Diski ya stesheneri imejaa nakala za vitambulisho vya NIDA na vyeti vya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu na wewe.