Fensi ya stima ya kubeba kambini: misimu yangu miwili na dubu wa Montana

Watu wamenipigia simu sana kuhusu hii fensi ya stima ya kuzuia dubu kambini, zaidi ndugu zetu Wakongo wa hapa mji wa Missoula, jimbo la Montana, Marekani, ambao wameanza kuchukua laiseni ya kuwinda elki, na swali ni moja tu, inafanya kazi ama ni pesa ya bure? Inafanya kazi. Lakini si kwa ile njia imechorwa kwa boksi, na usiku wangu wa kwanza haikufanya kazi hata kidogo, ndio maana naandika maneno mengi hivi.

Mimi ni mtu wa Nyeri, upande wa msitu wa Aberdare. Kwetu hakuna mtu anawinda, serikali ilipiga marufuku tangu 1977, kwa hivyo bunduki nimeijulia huku ukubwani. Nilifanya kozi yao ya wawindaji (ukiwa umezaliwa baada ya Januari 1, 1985 lazima uifanye) halafu jamaa mmoja tunafanya naye kazi akanialika kwa kambi ya mzee wake. Elki kama hujamuona ni kulungu mkubwa sana, dume linapita kilo 300, ukimpata mmoja familia inakula nyama karibu mwaka mzima. Na hapo ndipo dubu anaingia, maana hiyo nyama lazima ilale kambini siku mbili tatu kabla nyumbu (wale wa kubeba mizigo, mtoto wa punda na farasi) hawajaishusha.

Oktoba dubu anajaza mafuta ya kulalia pangoni miezi yote ya baridi, anaweza kula saa 20 kwa siku. Kuna dubu mweusi na kuna grizzly, huyu wa pili ndiye ana nundu mabegani kama ng'ombe wetu wa zebu na kucha ndefu sana. Wawindaji wengi wa huku wanaamini siku hizi grizzly akisikia mlio wa bunduki anakuja, amejifunza kwamba kuna matumbo yamebaki. Na huwezi kumpiga risasi hivi hivi, analindwa na sheria tangu 1975, labda awe anataka kukuua, na hata hapo kuna maelezo ya kutoa.

Tunapandia njia ya Monture, kaskazini ya Ovando. Hiyo Ovando ndipo Julai 2021 mama mmoja aliyekuwa anasafiri na baiskeli aliuawa na grizzly ndani ya hema yake usiku. Dubu alikuwa ameshapita mara ya kwanza, watu wakaamka, wakatoa chakula kwa mahema, wakarudi kulala. Akarudi. Na si ndani ya msitu, ni katikati ya mji mdogo. Mke wangu alikuwa anaijua hiyo habari, akaniambia, "Baba watoto, hiyo nyama tutanunua dukani." Nilimuahidi sitalala kwa hema tupu, ndio nikanunua fensi.

Sasa kitu chenyewe. Ni mfuko mmoja, nguzo nyembamba za faiba, roli la waya ya uzi (uzi wa plastiki uliosokotwa pamoja na nyuzi ndogo za chuma), nondo fupi ya athi (chuma cha kupigwa ardhini ili stima ipate kurudi), na kimashine kinachotumia mawe mawili makubwa ya tochi. Inazunguka mraba wa mita 9 kwa 9 hivi. Nililipa dola 340. Haitoi stima mfululizo kama ya nyumba, inatoa mdundo mmoja kila baada ya sekunde moja hivi, unasikia tik, tik, tik. Dubu akigusa anashtuka vibaya lakini hajeruhiwi, na anapewa nafasi ya kuachia na kukimbia.

Usiku wa kwanza. Tumefika jioni tumechoka, nyumbu wametoa jasho, nikafunga fensi kwa tochi, nikawasha, tik tik tik, taa ya kijani inawaka, mimi nikaona mambo ni sawa. Kidogo kitu kikanikataza. Utotoni kwetu fensi ya Aberdare ilikuwa inajengwa, ile ya kuzuia ndovu na nyati wasishuke kwa mashamba, ilianza 1989 upande wetu na ikamalizika 2009 ikiwa karibu kilomita 400, na sisi watoto tulikuwa na njia yetu ya kuipima. Unashika unyasi mbichi mrefu, unagusisha ncha kwa waya, unausogeza polepole mkono ukikaribia, mpaka usikie mdundo kwa vidole. Basi nikatafuta unyasi mbichi kando ya kijito nikaja nikajaribu. Hakuna. Nikasogeza mpaka mwisho, hakuna. Nikashika waya na mkono mtupu, nikasikia kama mdudu anatembea kwa ngozi. Jamaa yangu akasema ni kwa sababu nimevaa buti za raba, nikapiga goti nikaweka mkono mwingine chini kwa udongo, bado mdudu tu.

Tatizo lilikuwa athi. Hii kitu watu hawaelewi na hata kale kakaratasi ka maelezo kanaisema kwa mstari mmoja tu. Stima ikitoka kwa mashine inapita kwa waya, inaingia kwa pua ya dubu, inashuka kwa miguu yake mpaka chini, inatembea ndani ya udongo mpaka kwa nondo, ndio inarudi kwa mashine. Kama huo udongo ni mkavu, ama ni changarawe, ama umeganda barafu, ama una theluji juu, stima haina barabara ya kurudi, na dubu atapita hapo kama anapita kwa kamba ya nguo. Sisi tulikuwa tumepiga nondo chini ya misonobari, udongo mkavu kama unga, na juu umeanza kuganda. Na ile taa ya kijani bado inawaka! Inakuambia tu mashine ina mawe mazima, haikuambii dubu atapigwa.

Nilifanya mambo mawili na ikapona. Kwanza nilihamisha nondo mpaka kwa tope la kijito, nikaivutia waya mrefu. Pili, na hii ndiyo muhimu zaidi, nilibadilisha mpangilio wa waya, badala ya zote nne kuwa na stima nikaacha ya chini kabisa na ya tatu ziwe na moto, ya pili na ya nne nikaziunganisha na athi. Sasa dubu akiingiza kichwa katikati anagusa ya moto na ya athi pamoja, barabara ya kurudi iko hapo hapo kwa uso wake, udongo uwe umeganda usiwe umeganda. Waya ya chini niliweka sentimita 20 kutoka ardhini maana dubu hupenda kuchimba na kupita chini. Safari iliyofuata nilinunua testa ya fensi, ni kitu kidogo cha dola ishirini na kitu, ikasoma volti 6,800. Ikiwa chini ya 5,000 usilale. Manyoya ya dubu ni mazito sana, mahali pazuri pa kumgusa ni pua na mdomo ambapo ni tupu na pana unyevu.

Halafu kuna jouli, kipimo cha nguvu ya kila mdundo. Volti ndiyo inapenya, jouli ndiyo inauma, na kwa dubu wengi wanashauri mashine ya jouli 0.7. Hii yangu ya mawe ni 0.3. Hilo ndilo lalamiko langu kubwa, kwa boksi wameandika volti kwa herufi kubwa sana na jouli wameificha nyuma chini kabisa.

Sasa swali ambalo lilitufanya tubishane mpaka usiku: fensi ni moja, inazunguka nani, watu ama nyama? Mimi nilikuwa nataka watu, si ndiyo nilimuahidi mke wangu. Mzee akasema hapana. Sheria ya msitu pale kuanzia Aprili 1 hadi Desemba 1 inataka chakula na nyama ama zikae kwa boksi ngumu lililoidhinishwa, ama zitundikwe mita 3 juu na mita 1.2 kutoka kwa shina, ama ziwe ndani ya fensi ya stima. Robo nne za elki si mchezo kutundika, miti ya pale matawi yake ni mafupi, mwaka uliopita kamba ilikatika. Na maneno yake yalikuwa haya, dubu haji kwa sababu yako, anakuja kwa sababu ya nyama, na akiipata mara moja hatatoka tena hapo, kesho atakuja kwa jiko na keshokutwa kwa hema. Nikakubali lakini roho ilikuwa juu. Nyama tukaiweka mita 100 kutoka kwa mahema, mahali tunapaona na tochi, fensi ikaizunguka, jiko nalo likawa upande mwingine mita 100, nguo tulizochunia tukaziacha huko huko kwa nyama, na dawa ya meno pia. Mimi nikalala na sprei ya pilipili ya kufukuza dubu ndani ya slipingi begi, maana ikiganda na baridi presha inashuka.

Usiku wa tatu kama saa tisa nikasikia pumzi. Si mngurumo, ni ile hufff nzito kama ng'ombe, halafu kimya kirefu, halafu mlio mmoja mkali na vijiti vinavunjika, kitu kizito kinakimbia kuteremka. Hakuna aliyetoka. Tulikaa mpaka mwanga tunasikiliza tik tik kwa mbali, na sijawahi kufurahia sauti kama hiyo.

Asubuhi theluji ilikuwa imetuandikia kila kitu. Nyayo za mbele vidole vimepangwa karibu mstari mmoja na alama za kucha ziko mbele kabisa, hiyo ni grizzly. Alizunguka fensi mara moja na nusu, taratibu, karibu hatua moja tu kutoka kwa waya. Akasimama upande wenye mteremko. Hapo theluji ilikuwa imechimbwa kwa miguu yote minne, kutoka hapo hatua ndefu ndefu moja kwa moja mpaka bondeni. Nguzo moja imelala, waya haukukatika, nyama haijaguswa. Niliwatumia watoto picha.

Msimu wa pili ulinipa ubaya wake. Theluji mbichi ilianguka usiku ikalemea waya ukagusa majani, testa ikashuka mpaka 2,100, nikaamka mara mbili kukung'uta. Kwetu kuna watu wameajiriwa kutembea fensi na panga kufyeka, sasa najua kwa nini. Vishikizo vya plastiki viwili vilivunjika kwa baridi, duka lililoniuzia likasema siku thelathini zimepita, hakuna kitu wanaweza kufanya, wakanifungia simu. Nilitengeneza vyangu kwa mpira wa maji. Mawe nayo yanachoka haraka kwenye baridi kali, mimi nabeba mengine mawili ndani ya jaketi kifuani na nakiweka kimashine ndani ya boksi la plastiki nimelizungushia kipande cha godoro.

Kwa uzito iko sawa kama una nyumbu. Ukipanda kwa miguu peke yako fikiria, na mvua ikiinyeshea kurudi ni nzito zaidi.

Kama wewe ni mgeni kwa hii mambo, tafadhali ifunge nyumbani nyuma ya nyumba kwanza, mchana, na testa mkononi, na umwambie mwenzako ashike waya ukiwa umeizima ajue mahali pa swichi, maana usiku mtu akitoka kwa haja ndogo amesahau fensi atalia mpaka bondeni. Hema ikae mita moja na zaidi kutoka kwa waya, upepo usije ukaisukuma. Na sprei usinyunyize kwa hema ukidhani ni dawa ya mbu, imeundwa kumpiga dubu usoni akija mbio, ikikaukia kwa kitambaa harufu yake inaweza hata kumvuta.

Mwaka huu nimeongeza mashine ya jouli 0.7 ya betri ya volti 12, hiyo inaenda kwa nyama, hii ndogo inarudi kwa hema kama nilivyomuahidi mama watoto. Tunaingia wiki ya mwisho ya Oktoba na nondo ya tatu iko kwa gari tayari.