Uzoefu wangu: kufuatilia hatua ya makundi ya Kombe la Dunia la kikapu ukumbini, hapa Dodoma

Wapenzi wa kikapu wa Dodoma tuna swali letu moja kila mashindano makubwa yanapokaribia: tutaangalizia wapi? Wenzetu wa soka hawana taabu hiyo. Kuanzia Nkuhungu mpaka Nzuguni hukosi kibanda umiza kinachoonyesha Simba, Yanga au Arsenal. Kikapu ndicho cha kutafuta.

Kombe la Dunia la FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, la mwaka 2023 nililifuatilia katika ukumbi mmoja wa kuonyesha mechi, Area D. Jina nimeliacha, maana karibu yote nitakayoyasema, mazuri na mabaya, yanazihusu kumbi za namna hiyo mji mzima. Kiingilio kilikuwa shilingi elfu moja kwa mechi, watoto nusu yake. Nafundisha vijana kikapu nyakati za jioni, kwa hiyo sikwenda kujiburudisha tu. Nilitaka mahali ambapo kijana wa miaka kumi na minne anaweza kukaa, kuona vizuri na kujifunza kitu.

Mashindano yalikuwa Ufilipino, Japani na Indonesia, kuanzia tarehe 25 Agosti hadi 10 Septemba. Timu 32, makundi manane. Tanzania hatukuwemo, na hatujawahi kuwemo. Tumemtoa Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa pili katika drafti ya NBA, yaani uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi kuu ya Marekani, mwaka 2009 akaenda Memphis Grizzlies, ila timu ya taifa bado haijafika huko. Basi mioyo yetu ilikuwa kwa jirani. Sudan Kusini, nchi iliyopata uhuru mwaka 2011, mwenzetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016, ilikuwa inacheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, ikiwa Kundi B na Serbia, China na Puerto Rico. Rais wa shirikisho lao alikuwa Luol Deng, yule yule aliyechezea Chicago Bulls ya NBA, na kocha alikuwa Royal Ivey.

Nianze na mwanga, kwa sababu ndio uliotusumbua kuliko yote. Kumbi zetu zimejengwa kwa ajili ya usiku, kwa ajili ya mechi za Ulaya. Manila iko mbele yetu kwa saa tano, hivyo mechi za kule zilituangukia kuanzia asubuhi ya saa tano hadi alasiri, jua la Dodoma likiwa limesimama. Siku ya kwanza ukumbi ulitumia projekta ukutani, madirisha wazi, na picha ikawa imepauka kabisa. Mpira wa miguu ungeweza kuuvumilia hivyo. Kikapu hapana. Kwenye kikapu kuna ile saa ya sekunde 24, muda ambao timu yenye mpira lazima iwe imetupa kwenye goli, tarakimu ndogo pembeni mwa skrini, na usipoiona huelewi kwa nini mchezaji amerusha mpira ovyo kutoka mbali. Vijana wangu waliniuliza, “Mwalimu, mbona amekimbilia kutupa?” nami sikuwa na cha kuwaonyesha.

Hapa lazima nimpe mama mwenye ukumbi haki yake. Nilimweleza, akanisikiliza. “Kesho njoo uone, mwanangu,” akasema. Kesho yake madirisha ya upande wa mashariki yalikuwa yamezibwa kwa turubai, na projekta imeachwa, badala yake imewekwa televisheni kubwa aliyoitoa upande wa baa. Saa ya sekunde 24 ilionekana hadi benchi la tatu. Joto la bati lilipanda, hilo ni kweli, na feni mbili hazikutosha, lakini upepo wa Agosti hapa kwetu ni mkali na mlango wa nyuma ulisaidia. Ukumbi unaomsikiliza mteja wa elfu moja ni wa kurudia.

Jumamosi ya tarehe 26 nilikwenda na vijana. Sudan Kusini na Puerto Rico. Watu wengi waliokuwa mle walikuwa wamewahi viti vya Yanga, iliyokuwa inacheza na ASAS ya Djibouti siku hiyohiyo baadaye, jezi za kijani na njano zimejaa, na nilihofia kwamba tutaombwa kupisha. Haikuwa hivyo. Waliposikia kwamba ni timu ya Afrika Mashariki, wakageuza viti. Mbele walikuwa wameketi wanafunzi wawili wa chuo kutoka Sudan Kusini, bendera mapajani, wakisemezana kwa Kiarabu cha Juba na kutujibu sisi kwa Kiswahili. Mzee mmoja aliyeingia amechelewa akatuamkia wote kwa Kigogo, “Mbukwenyi!” kisha akauliza ni nani anaongoza, na hakutoka tena mpaka mwisho.

Mchezo ule ulikwenda muda wa nyongeza. Sudan Kusini walifungwa 101 kwa 96. Carlik Jones aliwabeba mabegani mwake karibu mchezo mzima, na mjadala ukazuka papo hapo: huyu si Mmarekani? Ndiyo, alizaliwa Marekani, na kanuni za FIBA zinairuhusu kila timu kuwa na mchezaji mmoja wa namna hiyo, aliyepata uraia akiwa ameshavuka miaka 16. Ufilipino nao walikuwa na Jordan Clarkson. Nilifurahi kuwaeleza watu hilo kwa utulivu, maana kulikuwa na dakika za kupumzika kati ya robo na robo, na mtu wa mashine alikuwa akipunguza sauti ya matangazo. Mashabiki wa Yanga wakaanza kuuliza maswali mazuri: kwa nini hakuna sare, kwa nini aliyefungwa anapata pointi. Kwenye kikapu cha FIBA ukishinda unapata pointi mbili, ukifungwa unapata moja, na sifuri ni kwa timu inayosusia au kunyang'anywa mchezo. Timu zikilingana wanaangalia kwanza mechi zao zenyewe kwa zenyewe. Katika kundi la timu nne, ambamo kila mmoja anacheza mara tatu tu, kufungwa kwa tofauti ya kikapu kimoja au viwili kunaweza kukuweka nje. Watu walielewa haraka kuliko nilivyotarajia.

Sasa lawama. Ukumbi una skrini mbili lakini kisimbuzi kimoja, kwa hiyo skrini zote zinaonyesha chaneli ileile. Kwenye hatua ya makundi hilo ni pengo kubwa. Jumatatu tarehe 28 Sudan Kusini waliicharaza China 89 kwa 69, ushindi wao wa kwanza kabisa wa Kombe la Dunia, na siku hiyohiyo kule Okinawa Cape Verde, nchi yenye watu kama nusu milioni, iliifunga Venezuela 81 kwa 75. Mechi ya pili hatukuiona hata kikapu kimoja. Mtu mwenye kisimbuzi cha pili na kifurushi cha mwezi mmoja angewavuta wateja siku nzima, kwani Afrika ilikuwa na timu tano na kila moja ilishinda angalau mara moja katika makundi: Angola iliifunga Ufilipino nyumbani kwake 80 kwa 70, Misri ikaipiga Meksiko 100 kwa 72, Kodivaa ikaponea kwa Irani 71 kwa 69. Mambo hayo tuliyasoma tu kwenye simu.

Kuhusu simu, programu ya FIBA naisifu bila kusita. Takwimu mubashara zilikuwa bure: nani katupa, kutoka wapi, nani ana faulo nne, nani yuko benchi. Kwa kocha ni hazina, na inakula data kidogo sana ukilinganisha na kuangalia picha. Nilijaribu pia kuangalia mechi nzima kwa simu nikiwa kazini, lakini kifurushi cha siku kilikata robo ya nne haijaanza, na kwa bei ile afadhali kiingilio cha ukumbini. Ila kuna tatizo ambalo sikuwahi kuliona likizungumzwa. Takwimu zile zinafika kabla ya picha ya kisimbuzi. Kijana mmoja alikuwa amezifungua, na kila mara mpira ukiwa bado hewani kwenye skrini yeye anapiga kelele, “Imeingia!” Ukumbi mzima ukakasirika. Mama akatoka kaunta na kuweka sharti: mwenye takwimu akae benchi la nyuma na afunge mdomo hadi picha ifike. Sharti hilo lilidumu mashindano yote na nalipendekeza kwa kila ukumbi.

Umeme ulikatika wakati wa mechi ya Serbia. Jenereta ilichukua muda kuwashwa na kisimbuzi kilichelewa kurudi, tukapoteza sehemu ya robo ya pili. Mama alimrudishia kiingilio kila aliyetaka. Wengi hatukutaka. Mechi yenyewe ilikuwa ngumu kuitazama, 115 kwa 83, na Serbia hatimaye walifika fainali walikofungwa na Ujerumani 83 kwa 77.

Baada ya kipigo kile ndipo nilipolazimika kubishana. Sudan Kusini wameshindwa kuingia mbili bora za kundi, watu wakasema mambo yameisha, na mtu wa mashine akawa tayari kuhamia kwenye marudio ya soka. Kumbe mambo ndiyo yalikuwa yanaanza. Timu zilizoshika nafasi ya tatu na ya nne hazirudi nyumbani, zinacheza hatua ya kupanga nafasi ya 17 hadi ya 32, zikibeba na matokeo ya makundi, na timu ya Afrika itakayomaliza juu ya wenzake ndiyo inayokwenda Olimpiki ya Paris moja kwa moja. Nilimwandikia mama kwenye karatasi: Alhamisi, Ufilipino. Jumamosi, Angola. Akaibandika kaunta juu ya orodha ya bei za chipsi.

Alhamisi waliokuja walikuwa wachache, jirani zetu wakashinda 87 kwa 68. Jumamosi ya tarehe 2 Septemba ukumbi ulijaa. Wale wanafunzi wawili walikuja na wenzao, mama akawapa benchi la mbele bila kuombwa, na kulikuwa na zabibu za msimu kwenye mabakuli, mtu wa Mpunguzi ndiye aliyezileta. Angola ni wakubwa wa kikapu Afrika, wamebeba ubingwa wa bara mara nyingi kuliko nchi yoyote. Wakalala 101 kwa 78. Sudan Kusini wakapata tiketi ya Olimpiki kwenye Kombe lao la Dunia la kwanza, na niliwaona wanaume wazima wenye jezi za Simba na Yanga wakikumbatiana na vijana wa Juba. Vijana wangu wawili ninaowafundisha, ambao kabla ya hapo kikapu kwao kilikuwa adhabu ya kukimbia uwanja, wamekuwa wa kwanza kufika mazoezini tangu wiki ile.

Vyakula nitapita haraka. Mishikaki mizuri, chipsi mayai zinachelewa, soda ni ya baridi kweli. Choo ni safi, jambo ambalo kwa wazazi wanaopeleka watoto lina uzito. Pombe inauzwa upande wa pili wa ukuta na mchana haikuwa kero, ingawa mechi za jioni nisingepeleka watoto.

Kwa ujumla nauweka ukumbi huu juu ya simu na juu ya kukaa nyumbani, kwa mtu anayetaka kufuata makundi tangu mechi ya kwanza. Kwa anayetaka kuona mechi mbili kwa wakati mmoja, bado haujafika. Kombe lijalo la wanaume ni Doha, Qatar, mwaka 2027, na saa zao na zetu ni moja, kwa hiyo mechi za jioni kule zitakuwa za jioni hapa na turubai huenda lisihitajike sana. Kabla hujalipa kiingilio popote pale, ingia ndani kwanza, simama benchi la mwisho na uangalie kama unaisoma ile saa ya sekunde 24. Kisha uliza vitu viwili: wana visimbuzi vingapi, na je, wataendelea kuonyesha timu za Afrika zikishashika nafasi ya tatu. Mama wa Area D nimeshamwuliza. Amesema kisimbuzi cha pili atakinunua, na ratiba nimpelekee mapema.