Jimny, springi za milimita 40 na tairi 215/75R15: nilivyoziona Pemba

Nianze na hukumu, kwa sababu najua wengine mnasoma hapa fedha mnayo mkononi na fundi yuko pembeni anakushaurini mlinyanyue gari inchi nne. Kwa Suzuki Jimny ya injini ya 1.3 inayofanya kazi Pemba, springi za kulinyanyua milimita 40 pamoja na tairi za 215/75R15 zinatosha. Zinatosha hasa, wala si kwa kubabaisha. Ukizidisha hapo unalipia urefu wa kupigia picha, na gari linaanza kukudai vitu ambavyo vipuri vyake hupati Wete wala Chake.

Mimi ni daktari wa mifugo, makazi yangu Wete. Gari langu ni Jimny JB43, lile la umbo la mviringo kabla halijabadilishwa mwaka 2018, na kazi yake ni kunifikisha mazizini. Ng'ombe hawazalii kando ya lami. Wanazalia Mtambwe, ambako njia ya udongo mwekundu inapanda kilima, inashuka bondeni kwenye mpunga, kisha inapanda tena. Mbuzi wanaougua wako Kiuyu na Maziwang'ombe, kwenye ardhi ya maweni, ambako jiwe la matumbawe limechongoka kila upande. Nyuma nabeba sanduku la barafu lenye chanjo, kamba, ndoo, madumu ya maji na mkoba wa dawa, na mara nyingi kuna mtu au wawili walioomba lifti. Ninachokitaka kwa gari ni lifike, na chanjo ifike ikiwa bado baridi.

Sasa tuingie chini ya gari, maana hapo ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Ukitia springi ndefu, kinachopanda ni bodi na chesisi. Ekseli haipandi hata unywele. Jimny hii ina ekseli nzima ya chuma mbele na nyuma, na kwenye kila ekseli limekaa bonge la difu, yaani zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Hilo bonge ndilo linalokwaruza tuta la katikati kwenye njia iliyochimbwa na malori ya mchanga na karafuu. Kiwanda kinataja nafasi ya milimita 190 kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa ya gari. Tia springi ndefu utakavyo, difu itabaki pale pale ilipokuwa. Kinachoipandisha ni tairi peke yake, na huipandisha kwa nusu tu ya kile kilichoongezeka kwenye kipenyo.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tairi ya kiwandani ya Jimny hii ni 205/70R15, na kipenyo chake ni kama milimita 668. Ile ya 215/75R15 ni kama 703. Nusu ya tofauti ni karibu milimita 18. Najua inasikika kidogo. Lakini piga magoti penye njia ya Mtambwe baada ya mvua ya usiku, utazame tuta la katikati: nyasi zimelala upande mmoja, na juu yake pana mkwaruzo wa kila gari lililopita. Difu yangu sasa inapita juu ya zile nyasi. Zamani ilikuwa inalima.

Basi springi za nini? Kwanza, kuipa nafasi hiyo tairi. Ukiitia bila ya kunyanyua, usukani ukikatwa mpaka mwisho na gurudumu moja likazama shimoni, tairi inaweza kugusa plastiki ya bampa na madigadi. Pili, springi za zamani zimechoka. Gari lililokuja mtumba kutoka Japani, likabebeshwa hapa magunia miaka na miaka, nyuma linakuwa limeshachutama.

Mimi nilichukua seti ya Old Man Emu, ya Australia, springi nne na shokapu nne zilizopimwa kwenda pamoja. Hilo la kwenda pamoja nalisisitiza. Mwenzangu mmoja wa kazini, mwenye Escudo, alitiwa speisa, yale maduara ya chuma yanayowekwa juu ya springi ile ile ya zamani. Gari likapanda kweli, na likapendeza. Lakini shokapu zilibaki na urefu wake wa mwanzo, kwa hiyo kila gurudumu linaposhuka kwenye shimo, shokapu inafika mwisho wake na kugonga. Ukipanda naye kwenda Konde unakusikia kule kugonga njia nzima. Speisa ni rahisi, ndiyo, ila shokapu zinakufa mapema na bei inakuja kulingana.

Nyuma nilichagua springi za kubebea uzito, kwa ajili ya maji na abiria. Gari likiwa tupu, nyuma linarukaruka kidogo, kama springi yoyote ya mzigo. Nikishapakia, linatulia, na sanduku la chanjo halihami lilipofungwa. Ikiwa wewe unatembea peke yako na mkoba tu, chukua zile za uzito wa kati.

Kazi ya kufunga ilifanywa hapa hapa Pemba, na fundi aliyeifanya namwombea dua mpaka leo. Springi alizibadilisha bila ya tabu. Kilichonifurahisha ni alichokifanya baadaye, wakati mimi nilidhani tumeshamaliza. Alichukua uzi, akaufunga nati mwishoni, akauning'iniza kutoka ukingo wa madigadi mpaka usawa wa tairi. Akapima kwa rula upande wa kulia, kisha wa kushoto. Akaniita.

"Dokta, njoo uone. Ekseli imehama."

Kweli, tairi ya upande mmoja ilikuwa imetoka nje zaidi kuliko ya pili. Sababu yake ni ile pau ndefu inayokwenda mshazari kutoka kwenye chesisi hadi kwenye ekseli, inayoizuia ekseli isiyumbe kulia na kushoto. Mafundi wanaiita Panhard. Chesisi ikipanda, ile pau inasimama zaidi na kuivuta ekseli upande wake. Kwa milimita 40 si kuhama kukubwa, na wapo wanaoacha hivyo hivyo. Yeye hakukubali. Alitia pau ya kurekebishika, akaizungusha kidogo kidogo, akarudi kwenye uzi wake, mpaka pande mbili zikalingana. Kisha akafanya vile vile kwa ekseli ya nyuma.

Jambo la pili ni kasta, na hili ni la usalama, sio la urembo. Gari likinyanyuliwa, ekseli ya mbele inajigeuza kidogo, na ule mwinamo unaoufanya usukani urudi wenyewe katikati unapungua. Matokeo yake gari linatangatanga ukifika 70 au 80, na ukipita shimo kwenye lami usukani unaweza kuanza kutetemeka mikononi mpaka upunguze mwendo. Dawa yake ni busha, yaani mipira ya maungio, za mikono ya chuma inayoishika ekseli ya mbele, zenye tundu lisilokuwa katikati, zinazoirudisha ekseli kwenye mwinamo wake. Anayekuuzia springi za Jimny bila ya kukutajia busha hizi, muulize. Akikwambia hazina haja, ondoka dukani kwake.

Mipira ya breki ya kiwandani ilifika vizuri. Fundi aliziachia ekseli zikaning'inia mpaka mwisho, akatazama kama mpira wowote umevutika. Kwa inchi tatu au nne isingefika, ungelazimika kutafuta mirefu. Halafu taa. Pua ya gari ikipanda, taa nazo zinapanda, na usiku kwenye barabara ya Chake unamtia upofu kila anayekuja mbele yako. Zishusheni, jamani. Ni skrubu tu.

Tairi ndizo zilizokula fedha nyingi, na ndizo zilizobadilisha maisha yangu ya kazi. Nilichukua Yokohama Geolandar A/T, tano kwa mkupuo. A/T ni zile za kila njia: kashata zake, yale meno ya mpira yanayoshika ardhi, si fupi kama za lami wala si mabonge kama za M/T, zile za matope. Huku Pemba ubishi wa A/T na M/T hauishi, na mimi natoa yangu kama ninavyoiona barabarani.

Udongo mwekundu ukilowa unanata. Kashata za A/T, za kampuni yoyote, zinajaa udongo, na zikishajaa unakuwa kama umevaa tairi kipara. Za M/T zina nafasi pana, zinautema. Kwa hiyo anayeishi ndani kabisa, anayepita udongo huo kila siku ya masika kuanzia Machi hadi Mei na lami anaiona kwa nadra, avae M/T na wala asijiulize. Lakini mimi sehemu kubwa ya mwendo wangu ni lami, Wete kwenda Konde, Wete kwenda Chake. M/T kwenye lami zinapiga kelele, zinaliwa haraka, ni nzito kwa injini ndogo, na lami ikilowa hazishiki breki vizuri. Na msimu wa karafuu mnaujua: majamvi yameanikwa mpaka ukingoni mwa barabara, watoto wanageuza karafuu, baiskeli inakukata mbele, mvua ya ghafla imeshuka na kila mtu anakimbilia jamvi lake. Hapo ndipo ninapotaka tairi inayosimama nikiiambia isimame.

Udongo naushinda kwa upepo. Kwenye lami natembelea upepo wa PSI 24 tairi za mbele na 26 za nyuma. Kabla ya kilima cha Mtambwe kikiwa kimelowa nashusha mpaka 18, natia fowili (magurudumu yote manne yanavuta) ya gia nzito, gia ya pili, na sigusi breki wala sikanyagi mafuta kwa pupa. Nikihisi tairi zimejaa, nakanyaga kidogo zizunguke ziutupe udongo, kisha narudi kwenye mwendo ule ule. Zamani nilikuwa naliacha gari juu kwa sheha na kushuka bondeni kwa miguu, sanduku kichwani. Mzee mmoja mwenye ng'ombe wa maziwa, siku ya kwanza nilipofika na gari mpaka bandani, alinitazama, akaitazama njia.

"Mwanangu, umepita wapi?"

Ng'ombe wake alikuwa ameshikwa na uzazi tangu alfajiri, ndama amekaa vibaya. Tulimtoa mzima. Dakika zile za kushuka kwa miguu ndizo zinazoamua.

Kwenye maweni hukumu inageuka: upepo usishushe. Tairi iliyolegea inatoa ubavu nje, na jiwe la matumbawe linaupasua ubavu, pahala ambapo pancha haizibiki. Kiuyu napita na 26, polepole, nikilenga kupanda juu ya jiwe badala ya kulipitishia ubavuni. Kwenye mchanga, kwa mfano ukishatoka msitu wa Ngezi kuelekea Vumawimbi, unashusha mpaka 15 na gari linaelea tu. Ila uwe na pampu ya kuchomeka kwenye betri, kwa sababu kurudi lami na upepo wa 15 ni kuua tairi. Na ukirudi pwani, osha chini kwa maji matamu siku hiyo hiyo.

Kwa nini tano? Kwenye fowili ya Jimny magurudumu ya mbele na ya nyuma yanafungwa pamoja. Ukipata pancha ukatia spea ya ukubwa wa zamani kisha ukaingiza fowili, giaboksi ndogo inalazimishwa kupatanisha magurudumu yasiyolingana, na itakayovunjika si tairi. Spea ya 215/75R15 inakaa mlangoni nyuma bila ya shida.

Mnaponunua, tazameni tarehe. Ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Zikisomeka 3522, tairi ilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2022. Tairi nyingi za mtumba zinazoletwa visiwani zina kashata nzuri za kuvutia macho, lakini ukisoma tarakimu unakuta zina umri wa mtoto wa skuli ya msingi, na mpira umeshakauka na kufanya nyufa ndogondogo kwenye mabonde ya kashata. Kashata peke yake isikupumbaze.

Gharama ya yote haya siifichi. Tairi imekua kwa asilimia 5 na kitu, kwa hiyo gia zote zimekuwa ndefu kidogo. Gia ya tano nimeiachia sehemu tambarare tu. Vilima vya kwenda Chake nalipandisha kwa ya nne, na mafuta yameongezeka. Spidi mita ikionyesha 80, mwendo umezidi kidogo ya ule uliokuwa ukiuonyesha zamani, karibu na 84. Kupanda na buibui kunataka mkono wa kushika, na mama yangu namwekea kigoda.

Anayelitumia Jimny lake mjini na kwenda shamba siku za mapumziko, na fedha zake mwaka huu zinatosha kitu kimoja, asiguse springi. Achukue A/T za 205/70R15, ukubwa ule ule wa kiwandani, na pampu ya upepo. Spidi mita haibadiliki, usukani haubadiliki, hakuna pau wala busha ya kununua, na njia nyingi za Pemba nje ya masika atazipita. Springi zitamngoja, na zikija, fundi awe na uzi wake.