Miezi minane na vijana wa taka: huduma ya kuchukua taka zilizotengwa, Fuoni, Unguja

Kwa miaka kadhaa nyumba yetu ililipia gari la taka, na muda wote huo nilizitenga chupa za plastiki katika polo lake peke yake, hadi asubuhi moja nilipotoka mapema na kumkuta mchukuzi akilikung'uta polo hilo juu ya maganda ya muhogo, nepi na matumbo ya samaki, vyote vikaondoka pamoja. Tangu siku hiyo kila huduma ya taka ninaipima kwa swali moja: nilichokitenga jikoni, je, kinabaki kimetengwa kikishavuka mlango wangu? Kikundi cha vijana wa shehia yetu, ambacho nimekitumia kwa miezi minane sasa, kimenijibu swali hilo kwa vitendo, ingawa bado yapo wanayopaswa kuyarekebisha.

Utaratibu wao ni mwepesi. Kila nyumba hupewa ndoo yenye kifuniko kwa taka za jikoni, na mapolo mawili, moja la plastiki, makopo na chupa za gilasi, na jengine la taka zisizo na kazi tena. Ndoo huchukuliwa Jumanne na Ijumaa, mapolo Jumamosi, na ada ni shilingi 10,000 kwa mwezi.

Kilichonifanya niwaamini ni kukataliwa. Wiki ya pili kijana aliyekuja alilifungua polo langu pale pale barazani, akatoa chupa iliyobaki mafuta ya kupikia, akaniambia, "Shikamoo mwalimu. Hii ikivujia humu, polo zima mnunuzi atalirudisha. Tunaomba isuuzwe kwanza." Mchukuzi asiyejali angelibeba polo na kuondoka, kwa kuwa asiyekuwa na nia ya kuuza chupa hana sababu ya kuziangalia. Niliomba kwenda kuuona uwanja wao, nao wakanikaribisha bila ya kuniwekea siku.

Huko ndiko nilikofahamu kwa nini wanaishughulikia ndoo ya jikoni kuliko kitu chengine chochote. Katika nyumba zetu sehemu kubwa ya uzito wa taka ni vitu vinavyooza: machicha ya nazi, maganda ya ndizi na muhogo, majani ya mchicha, mabaki ya wali, magamba na matumbo ya samaki. Vitu hivi vikifungwa ndani ya mfuko pamoja na plastiki na kulundikwa jaani, vinaoza bila ya kupata hewa, na ndipo panapotoka ile harufu kali, gesi ya methani na maji meusi. Kisiwa cha Unguja kwa sehemu kubwa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye matundu, na maji tunayokunywa tunayachota chini ya mawe hayo hayo kwa visima. Kwa hiyo kila ndoo isiyofika katika jaa la Kibele, au katika shimo lolote lililochimbwa nyuma ya nyumba, ni faida kwa kisima cha mtu.

Vijana huzipanga taka hizo kwa matabaka, tabaka la jikoni kisha tabaka la majani makavu na makuti yaliyokatwakatwa, na matumbo ya samaki huyafukia katikati kabisa ili paka na inzi wasiyafikie. Nilipoingiza mkono ndani ya rundo la wiki mbili niliutoa haraka kwa joto lake, na joto hilo ndilo dalili kwamba vijidudu vinavyoozesha vinapata hewa na unyevu wa kutosha. Rundo hupinduliwa kila baada ya siku chache, na baada ya miezi mitatu hivi hutoka mboji nyeusi inayonukia udongo wa mvua. Nilipewa polo moja, nikalimimina katika matuta ya mchicha uani, na matuta hayo sasa yamewapita kwa mbali wenzao yaliyokosa mboji. Makumbi na vifuu hawaviweki humo, kwa kuwa huchelewa mno kuoza. Makumbi huwapa wanaosokota kamba, na vifuu huenda kwa wapishi.

Plastiki huipanga kwa namba iliyomo ndani ya pembetatu chini ya chombo. Chupa za maji ni namba 1, madumu na chupa za sabuni mara nyingi ni namba 2, na vifuniko huwekwa mbali, kwa sababu si plastiki ile ile: ukivikatakata na kuvitia majini, chupa ya maji huzama na kifuniko chake huelea. Chupa hubanwa ili zisichukue nafasi, kisha huuzwa kwa mnunuzi anayezivusha hadi Dar es Salaam. Makopo huyapitishia sumaku. Yasiyonasa ni ya alumini, na hayo ndiyo yenye bei. Pakiti za biskuti na bisi hawazichukui, kwani zina matabaka ya vitu mbalimbali yaliyogandamizwa pamoja. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar tangu 2006, lakini pakiti hizi zimebaki, na ndizo zinazolijaza polo langu la taka zisizo na kazi tena.

Kasoro zao sitazificha. Uwanja hauna paa, na masika yaliyopita marundo yalirowa mpaka yakaanza kunuka, majirani wakalalamika kwa sheha, na walalamikaji walikuwa na haki. Turubai moja waliyoinunua baadaye haitoshi. Mara mbili hawakuja Ijumaa wala hawakutupa taarifa, na ndoo ya machicha iliyokaa siku saba katika joto letu haivumiliki. Betri na dawa zilizopitwa na muda hawana pa kuzipeleka, hivyo mimi naziweka katika chupa yenye kifuniko juu ya kabati, jambo ambalo si suluhisho. Chupa za gilasi nazo zimerundikana pembeni mwa uwanja, nzito na zisizo na mnunuzi wa uhakika.

Hata hivyo nimelipa tena kwa miezi mitatu, na nimewaambia waziwazi kwamba kabla ya vuli nataka kuona mabati juu ya marundo yale. Mzee wao alinijibu kuwa nguzo wameshazipata na kinachokosekana ni mabati manane. Aliye Fuoni na anataka kujiandikisha aulizie kwa sheha; ndoo hutolewa bure, mapolo hulipiwa, na chupa zisuuzwe kabla ya Jumamosi.