Spika ya katikati kwa sebule pana: ya kwanza ilinishinda, hii ya pili nimebaki nayo

Sebule yetu ina upana kuliko urefu, na makochi yamepangwa mstari mmoja wa watu watano. Kila tukiwasha filamu, binti yangu, mpenzi wa kona ya mwisho, alikuwa na swali lilelile: "Baba, amesema nini?" Mimi niliyekaa katikati nilisikia kila neno, nikaona mtoto hasikilizi tu. Siku moja nikakaa kwenye kona yake. Masikini, kumbe alikuwa na haki. Waigizaji walisikika kama wanaongea nyuma ya pazia.

Spika yenyewe ya katikati, ile inayokaa chini ya skrini na kubeba mazungumzo, ilikuwa ya umbo lililozoeleka: boksi la kulala, twita (kispika cha sauti nyembamba) katikati, wufa mbili (spika kubwa za sauti za kati na nzito) kushoto na kulia kwake. Niliichukua kwa urefu wake, nikiamini boksi refu litafika pembeni. Wapi! Zile wufa zimeachana sentimita 30 na zote mbili zinapiga sauti ileile. Aliye katikati zinamfikia kwa pamoja. Kiti cha binti kiko mita 3 kutoka kwenye skrini na mita 1.6 kando, kwa hiyo sauti ya wufa ya mbali inasafiri kama sentimita 14 zaidi. Kwenye Hz 1,200 hivi, yaani mitetemo 1,200 kwa sekunde, wimbi moja lina sentimita 28, na 14 ni nusu yake: wufa moja ikisukuma hewa, nyingine inavuta, zinauana. Na hapo ndipo maneno ya watu yalipo.

Nilijaribu kuizima kabisa, risiva, ile mashine inayoendesha spika zote, igawe mazungumzo kwa spika za kushoto na kulia. Kwangu safi. Binti akasema mwigizaji yuko katikati ya skrini lakini anaongea kutoka ukutani kwake. Sikumaliza hata filamu moja.

Ya sasa ni ya njia tatu, yaani sauti nyembamba, za kati na nzito kila moja ina spika yake ndani ya boksi. Twita imekaa wima juu ya spika ndogo ya sauti za kati, na wufa za pembeni zimeachiwa sauti nzito tu, ambazo mawimbi yake ni marefu na hayagombani kirahisi. Besi ya chini ya Hz 80 nimeiachia sabufa. Kabla ya kulipa nilimwomba muuzaji apige ule mvumo wa "shhh" wa kupimia spika, nikatembea polepole toka upande mmoja hadi mwingine. Kwa boksi langu la zamani ungedhani mtu anafunika mdomo kwa kiganja na kufunua. Kwa hili, "shhh" ilibaki "shhh" mpaka mwisho. Nililivuta hadi ukingo wa meza na kuliinua pua kidogo lielekee masikioni.

Swali la "amesema nini" limekwisha. Kasoro ni kimo: limeziba kile kijicho cha runinga cha kupokea rimoti, sasa ukitaka kubadilisha chaneli unasimama na kunyoosha mkono juu kama unayesimamisha basi.